Namba Sita za Marehemu

Kwa waliokosa gazeti la Jumamosi iliyopita, nawafupishia. Naitwa Fauzi, nauza vipuri vya baiskeli Tabora mjini. Kaka yangu Hamoudi amefariki, ameacha mjane, Mwanajuma, na binti mmoja wa miaka kumi na tano, Sheima. Mimi ndiye niliyekabidhiwa mirathi. Mbele ya sheikh na wazee nikasema kaka ameacha nyumba, pikipiki mbovu na vyombo vya ndani, basi.

Nilisema uongo. Kaka aliacha shilingi milioni sitini na nne, na nilijiaminisha kwamba anayejua ni mimi peke yangu.

Mlionitumia ujumbe wa matusi wiki nzima, nimeusoma wote. Wekeni akiba, kwani ya leo ni mabaya zaidi.

Wengi mmeuliza fedha zote hizo zilikaa wapi zisionekane. Hamoudi aliendesha lori la maji Maskati miaka kumi na moja. Huko alifungua akaunti kwa wakala wa hisa, na kila mwezi akipata mshahara alinunua vipande vya mfuko mmoja unaouzwa kwenye soko la London. Aliporudi Tabora aliendelea kununua kwa simu.

"Hiyo ni kampuni gani?" nilimuuliza siku aliponionyesha.

"Ni kapu, Fauzi. Ndani mna mamia ya kampuni. Marekani, Japani, Korea, Ulaya. Ukinunua kipande kimoja, umenunua kidogo kidogo cha zote."

"Ikifilisika moja?"

"Zinabaki nyingine."

"Na mambo ya pombe? Riba?"

"Hili wamelichuja. Benki za riba hazimo, viwanda vya pombe havimo. Halali tupu."

"Sasa faida unaila lini?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe mtu wa duka, unataka jioni uwe umeuza ulichonunua asubuhi. Hili unanunua, unasahau. Likishuka usiuze, likipanda usiuze. Ni la Sheima, la masomo yake. Na Mwanajuma asijue."

"Kwa nini asijue?"

"Ananipenda mno. Nikiumwa mafua tu atasema uza."

Hakuumwa mafua. Aliumwa figo.

Mwanajuma aliuza bangili zake nne za dhahabu, alizoachiwa na mama yake, ili kumpeleka mumewe kusafisha damu. Nilikuwepo aliporudi kutoka kwa sonara mikono mitupu. Alinisalimia, nami nikaangalia sakafu. Milioni sitini na nne zilikuwa kwenye simu iliyolala chini ya mto wa mgonjwa.

"Kaka, uza vipande," nilimnong'oneza alipotoka.

"Vya Sheima sivigusi. Daktari ameshaniambia ukweli wangu."

Kisha akanipa kadi yake ya benki, namba ya siri, na neno la kuingilia kwenye akaunti ya hisa. Tukabadilisha ujumbe wa benki uwe unaingia kwangu. Akaniambia jambo moja la mwisho.

"Ukitaka kuingia kwenye hisa, wanatuma namba sita kwenye simu yangu. Bila hizo hakuna anayefungua, hata wewe. Siku ikifika, wewe ndiye utakayewaonyesha."

Siku nne baadaye tukamzika.

Mjane wa kwetu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Mwanajuma aliingia chumba cha ndani na nguo zake nyeupe, na mimi, shemeji, sikuruhusiwa kumwona. Nikija kuwajulia hali nilisimama upande wa pili wa pazia. Nikiuliza jambo, Sheima ndiye aliyenijibu kwa niaba ya mama yake.

Kwa hiyo nilipotaka namba, niliandika ujumbe kwenda kwenye simu ya Hamoudi, nikiamini iko mikononi mwa mkewe. "Shemeji, naomba namba zilizoingia sasa hivi. Ni za mambo ya mirathi."

Zikaja namba sita. Hakuna salamu, hakuna neno.

Nikasema moyoni, mwanamke ana heshima zake, yumo edani, hawezi kuandikiana na shemeji yake kama marafiki. Nikaishukuru eda. Ndiyo, nilishukuru kwamba shemeji yangu amefungiwa chumbani na msiba wake, maana hawezi kuniuliza. Mungu anisamehe kama ana nafasi.

Wenye elimu ya mirathi mtakuwa mmeshapiga hesabu. Mke anapata thumni, yaani moja ya nane. Binti wa pekee anapata nusu. Kinachobaki ni cha ndugu wa kiume, na ndugu ni mimi. Milioni nane za Mwanajuma, thelathini na mbili za Sheima, ishirini na nne zangu. Halali yangu, bila kumwibia mtu. Nilichotakiwa kufanya ni kusema tu siku ile mbele ya sheikh. Nikaogopa kwamba nikisema, zitakaa mahakamani mwaka mzima, na mimi nilikuwa na haraka.

Haraka yenyewe ilikuwa tumbaku ya Usoke. Nilitoa milioni ishirini na nne, nikajiambia nachukua fungu langu tu, nikanunua tumbaku kwa wakulima kabla haijakauka. Wiki ya tatu bani la kukaushia likashika moto. Nilifika nikakuta wanamwaga maji kwenye majivu.

"Pole sana, Mwarabu," mwenye bani akaniambia. "Hata mimi nimeungua."

Hapo mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikawa naingia kwenye simu kulivizia la Sheima, nirudishe langu.

Sasa niwaeleze jambo ambalo sijamweleza mtu.

Nikituma ujumbe asubuhi, kimya. Nikituma adhuhuri, kimya. Nikituma baada ya sala ya Alasiri, namba zinakuja kabla sijavuta pumzi. Ilinichukua wiki mbili kukumbuka kwamba Hamoudi alikuwa na mazoea yake. Akitoka msikitini Alasiri alikaa kwenye benchi la duka langu, anavua kofia, anaweka miwani, anafungua simu aangalie kapu lake. Siku zote saa hiyo. Siku zote benchi hilo.

Nikaliondoa benchi. Nikamwambia Lugembe, fundi baiskeli anayefanyia kazi barazani kwangu, alipeleke kwake.

"Zima hili? Kuna nini, bosi, lina kunguni?" Lugembe ni Mnyamwezi, na kwa utani wetu ana ruhusa ya kunisema atakavyo. "Ninyi Waarabu bwana, mkigawa kitu lazima mtu aogope."

"Lichukue au liache."

"Nachukua. Lakini bosi, siku hizi unaitazama hiyo simu kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Una homa? Umekonda."

"Tumbo linaniunguza."

"Kunywa maziwa."

Nilikunywa maziwa mpaka nikachoka. Tangu utotoni nimesikia masheikh wakieleza moto unaoingia tumboni mwa mtu anayekula mali ya yatima. Nilipokuwa madrasa nilidhani ni maneno ya kututisha watoto.

Na duka lenyewe halikunisaidia. Ukoo wetu ulifika Tabora na misafara, na chumba ninachohifadhia matairi kilikuwa chumba cha amana. Mfanyabiashara akipita kwenda Ujiji aliacha mali yake humo, anarudi baada ya miaka miwili anaikuta ilivyo. Ndivyo tunavyojisifu kwenye harusi. Walioachwa humo wamefungwa minyororo hatuwataji kwenye harusi, lakini kila mtu wa nyumba hii anajua, na hakuna mtoto wetu aliyewahi kukubali kulala katika chumba kile. Mimi nilianza kukiogopa tena nikiwa na miaka arobaini na mbili. Nikitaka tairi la inchi ishirini na sita, namtuma Lugembe.

Kila asubuhi nilikwenda kwenye mashine ya benki kutoa kidogo kidogo fedha za vipande nilivyouza. Nikiingiza kadi, maandishi yanatokea: KARIBU HAMOUDI. Kila asubuhi nasoma, na kila asubuhi nabonyeza.

Mwezi wa nne masoko ya hisa ya dunia yakaanguka. Nilisikia redioni mchana. Nikaona kwenye simu zile milioni arobaini zilizobaki zimekuwa thelathini na nne, na zinaendelea kushuka. Nilimsikia Hamoudi waziwazi, kama aliyekaa mbele yangu: likishuka usiuze. Nikauza zaidi ya nusu. Alasiri ile niliomba namba mara mbili, na mara zote mbili nikapewa. Wiki chache baadaye soko likapanda likapita lilipokuwa. Fedha nilizozitoa kwa hofu nikaziagizia pikipiki za magurudumu matatu, na wakala aliyezipokea hadi leo hapokei simu.

Halafu ikatokea hii. Siku moja nilibonyeza kuingia kwenye akaunti, akaja mteja anataka mnyororo. Nikaweka simu mezani, sijaandika chochote kwa mtu yeyote. Simu ikalia. Namba ya Hamoudi. Tarakimu sita.

Hakuna aliyeombwa. Zimekuja zenyewe.

"Bosi," mteja akasema, "chenji yangu."

Tangu siku ile sikuingia tena. Zilibaki milioni kumi na mbili na kitu. Nilijua Mwanajuma akitoka eda atatoka na ile simu, ataipeleka kwa mtu anayejua Kiingereza, na nitaanikwa. Nikapanga siku ya kutoka eda niende, niichukue simu kwa kisingizio cha mahakama, nimalize kilichobaki, nifunge. Kuna saa nyingine nilipanga kumwangukia miguuni na kumwambia yote. Nilikwenda na mipango yote miwili mfukoni, sijui nitatoa upi.

Ilikuwa Jumatano iliyopita, baada ya Alasiri.

Nyumba ilikuwa imejaa. Wanawake walikuwa uani na masufuria ya pilau, kisomo kimekwisha, udi unafuka. Sebuleni alikaa Ami Masika, mdogo wa marehemu baba yetu, mzee asiyesikia vizuri lakini anayeona kila kitu. Mwanajuma akatoka, ameoga, kavaa gauni jipya la kijani. Amekwisha, mifupa mitupu. Mikono yake ilikuwa haina kitu.

"Shemeji, pole na eda," nikasema.

"Nimeshapoa, Fauzi. Ahsante kwa kutuangalia. Sheima ananiambia kila wiki unaleta mchele."

"Ni wajibu wangu. Shemeji, na mimi nakushukuru. Kwa zile namba."

"Namba zipi?"

"Zile ulizokuwa unanitumia. Kwenye simu ya kaka."

Akanitazama kama anayejaribu kukumbuka jina langu.

"Simu ya Hamoudi ilipotea hospitali, Fauzi. Siku ile ile aliyofariki. Nililia mpaka nikachoka, picha zetu zote zilikuwa humo. Mimi sijakutumia kitu. Ningekutumiaje, nipo edani?"

Nikashika kiti.

Mara tisa. Mara tisa nilimwomba marehemu ruhusa ya kumwibia mtoto wake, na mara tisa akanipa, kimyakimya, baada ya Alasiri.

"Kuna nini?" Ami Masika akauliza. "Huyu mbona amekuwa mweupe?"

"Nimechanganya, Ami. Nilidhani... nimechanganya."

Nikatoka barazani. Kwa miezi yote ile nilikuwa naandika tu, sijawahi kupiga. Nikaitafuta namba ya kaka, nikabonyeza kupiga, nikiomba isipatikane.

Ikaita.

Na ndani ya nyumba, nyuma ya mlango uliofungwa, ikalia kengele ya baiskeli. Kring, kring. Huo ni mlio ambao Hamoudi aliuweka kwa ajili yangu tu, kunitania na biashara yangu. Alipokuwa hai ulikuwa ukilia, Mwanajuma anasema kabla hajaangalia kioo: shemeji huyo.

Niliporudi sebuleni Mwanajuma alikuwa ameegemea ukuta, mkono mdomoni. Uani wanawake waliacha masufuria.

"Huo ni mlio wako," akaniambia. "Fauzi, huo ni mlio wako."

Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka. Akatoka Sheima, bado na sare za shule, simu ya baba yake mkononi ikiendelea kulia.

"Shikamoo Baba mdogo," akasema. "Mbona leo umepiga?"

Mama yake ndiye aliyeongea.

"Sheima. Umeitoa wapi?"

"Mama, nisamehe." Akapiga magoti pale pale. "Baba alinipa hospitalini. Aliniapisha. Alisema Baba mdogo akiandika kuomba namba, mpe, usiongeze neno, usimwambie mtu, hata mama, mpaka mama atoke eda. Alisema siku hiyo Baba mdogo mwenyewe atatuonyesha. Nimeificha kwenye begi la nguo za baridi. Nikitoka shule ndiyo nawasha."

Nikitoka shule. Baada ya Alasiri. Hilo tu. Nilipaswa kufurahi kwamba si mzimu, na naapa katika dakika ile ningetoa kila nilicho nacho awe mzimu.

"Atuonyeshe nini?" akauliza Mwanajuma.

"Hisa zangu, mama. Baba alininunulia. Za kampuni za dunia nzima." Uso wake ukawaka, akanigeukia. "Baba mdogo, nilikuwa naona unaingia, nikajua unazilinda. Siku nyingine nilikutumia hata kabla hujaomba, nilifikiri umesahau. Na mwezi wa nne redioni waliposema masoko yameanguka niliogopa sana, nikasema basi tena, sitasoma. Lakini siku hiyo uliingia mara mbili. Nikajua uko macho. Nililala vizuri."

Kuna watu wamewahi kunipiga maishani mwangu. Hakuna aliyewahi kunipiga hivyo.

Mwanajuma akakaa chini polepole. Akaivuta mikono yake mitupu mapajani, akaitazama, mmoja kisha mwingine.

"Hamoudi alikuwa na fedha," akasema. Hakuwa anauliza. "Wakati mimi nakwenda kwa sonara, alikuwa nazo." Akainua macho. "Na wewe ulikuwepo siku ile. Ulijua?"

"Shemeji..."

"Nimekuuliza, ulijua?"

"Nilijua."

"Na kwenye mirathi ulisema hakuna kitu."

"Alinikataza..."

"Alikukataza mpaka Mwanajuma atoke eda!" Ami Masika akapiga fimbo sakafuni. Kumbe anasikia akitaka. "Mtoto amesema. Mama yake ametoka. Haya, acha maneno, toa hiyo simu utuonyeshe kilichopo. Sheikh yuko msikitini, nitamwita sasa hivi, igawanywe upya jioni hii."

"Ami, mtandao leo..."

"Fungua."

Wanawake walikuwa wameshajazana mlangoni. Mmoja alipiga kigelegele, akidhani ni habari njema. Nikatoa simu. Nikaandika neno la kuingilia, vidole vikikosea, nikarudia. Skrini ikadai namba.

Mkononi mwa Sheima simu ya kaka ikapiga mlio mfupi. Akainuka kutoka magotini, akaja kusimama karibu yangu, bega lake likigusa mkono wangu ili aone vizuri.

"Leo nakusomea mwenyewe," akasema. "Sifuri."

Nikabonyeza.

"Saba. Mbili."

Nikabonyeza.

"Mbili tena. Tano."

Mwanajuma alikuwa amesimama, amekuja upande wangu wa pili. Nilisikia pumzi yake. Ami Masika alivaa miwani.

"Ya mwisho nane," akasema Sheima.

Kidole kilifika juu ya nane kikasimama hapo. Kikakataa.

"Baba mdogo, ni nane," akarudia taratibu, akidhani sikumsikia.